Brashi iliyoyeyukia kwenye mishkaki

Jumamosi nilikuwa napaka mishkaki mafuta na ukwaju, mkaa umekolea, brashi yangu ya nailoni niliyoinunua sokoni kwa bei ya kutupa. Kugeuza mshikaki wa tatu, naona nywele zimejikunja na kuyeyuka juu ya nyama! Mishkaki yote nikaimwaga. Na mama mkwe yupo sebuleni anasubiri, jamani.

Sasa ninazo mbili. Ya silikoni ni ya jikoni kwa moto: inastahimili joto, ukiiosha na sabuni inatakata, ila haishiki rojo sana, unachovya kila mara. Ya nywele laini ni ya kupaka yai kwenye mikate tu. Ikishagusa kitunguu saumu, harufu haitoki.

Bibi yangu alikuwa anaponda ncha ya mchaichai, anapakia hiyo hiyo.