Bibi anasahau sana siku hizi, msiseme ni uzee tu

Jamani naomba tuongee hili la wazee wetu kupoteza kumbukumbu, maana kwenye vikao vya familia nasikia maneno yaleyale, "uzee huo, mwacheni". Mzee anauliza swali moja asubuhi nzima, anapotea kwenye njia ya shambani aliyoipita tangu ujana, watu wanasema uzee. Na wengine watakwambia dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni ugonjwa wa wazungu, huku kwetu haupo.

Upo, na umepimwa hapahapa, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. 2009 mpaka 2010 watafiti walipita vijijini huko wakachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta asilimia 6.4 wana dimensia, kiwango ambacho hakipishani sana na cha nchi tajiri. Kwa hiyo hoja ya wazungu ifutwe kabisa.

Ila kilichonigusa zaidi ni kipimo kilichokuja baada ya hapo. Vipimo vingi vya zamani vinataka mtu ashike kalamu, achore saa, asome sentensi, sasa bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasani unampa kalamu akiwa na miaka 78 halafu ukiona kashindwa unaandika mgonjwa? Huo ni uonevu. Basi watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria wakatengeneza kipimo kinaitwa IDEA, mzee anaulizwa leo siku gani, anataja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, na mengine machache ya namna hiyo. Hakuna kalamu, na hakihitaji daktari bingwa, nesi wa zahanati akifundishwa anakifanya. Mi nadhani hii ndo heshima kwa mzee, unampima kwa vitu vya maisha yake mwenyewe.

Hukohuko Hai walipima na presha, kati ya wazee 10 wa umri huo kama 7 wanayo, na wengi haijadhibitiwa. Presha inaharibu mishipa ya ubongo, leo kiharusi kesho kumbukumbu. Kamisheni ya wataalamu ya jarida la tiba la Lancet 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, presha ikiwemo, sukari, kukosa shule utotoni, masikio kutosikia vizuri, upweke, hewa chafu, ikasema kama asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepuka au kucheleweshewa haya mambo yakishughulikiwa. Hewa chafu hapo mi namuona mama anayepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha miaka 50.

Na moshi huohuo ndo unaofanya macho kuwa mekundu, na kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakiitwa wachawi. Sasa ongeza bibi anayeongea peke yake, anatoka usiku hajui yuko wapi, anagonga mlango wa jirani, unafikiri kijiji kitasema nini? Ndo maana nakasirika watu wakichukulia hili poa, kumjua mgonjwa mapema kunaweza kuokoa uhai wake.

Halafu msidhani hakuna cha kufanya. Hai walijaribu tiba isiyo ya vidonge, wazee wanakaa kwenye vikundi vidogo na mwelekezi, wanaongea, wanaimba, wanakumbushana mambo ya zamani, wanacheza michezo wanayoijua, vikao 14. Walikuwa wagonjwa 34 tu, utafiti mdogo, ila akili ilichangamka na wasiwasi ukapungua. Hebu fikiria, dawa yenyewe ni kuongea na mzee! Sisi tunawafungia chumbani wageni wakija.

Pesa nayo ni shida, hilo siwezi kuliruka. Vidonge vya presha ni vya kila siku na mkulima wa bara hana pensheni. Zanzibar tangu 2016 wanalipa pensheni jamii kwa mzee mkazi aliyefika 70 hata kama hakuwahi kuajiriwa, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi baadaye wakapandisha, kwa nini huku bara tusidai kitu kama hicho?

Kwa sasa kama nyumbani kuna mzee ameanza kubadilika mpeleke hospitali, muombe daktari aangalie presha, sukari, masikio, na aulize dawa zote anazomeza, kwa sababu kusahau kwingine kunatokana na vitu vinavyotibika kabisa, upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo kufanya kazi chini ya kiwango, hata sonona baada ya kufiwa na mwenza. Mwambie hali ilianza lini na ilianzaje, hayo daktari hawezi kuyajua bila wewe. Na hospitali zenye dirisha la wazee, tafadhali sana, zile njiti za kiberiti ziwekeni hapo.