Banda, Tuta na Kinu

Hapa Mbulu, ambako vitunguu saumu ni zao la biashara, mimi nalima matuta machache tu nyuma ya nyumba kwa ajili ya jiko langu, na mbolea yote inatoka katika banda la kuku wangu wa kienyeji. Samadi hiyo naichanganya na majani makavu na kuiacha ioze kabisa, kwa kuwa ikiwa mbichi huunguza mizizi. Ndipo nachomeka punje, ncha ikitazama juu, zikiachana sentimita 10 hadi 15. Kuku wenyewe nawafungia wakati huo, maana hata wasipogusa kitunguu watapekua tuta zima wakitafuta wadudu.

Kila baada ya miezi 3 nawachanja dhidi ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, kwa tone moja la chanjo jichoni. Mzee jirani yangu, aliyefuga kuku kabla sijazaliwa, anashikilia kwamba kuwalisha vitunguu saumu kunatosha. Namheshimu sana, ila kwa hilo hatukubaliani.

Jana tulichinja jogoo mkubwa. Nilitwanga vitunguu saumu pamoja na chumvi kwenye kinu, nikaipaka nyama, nikaichemsha kwa moto wa kuni hadi ikaanza kuachana na mfupa, kisha nikaikaanga kwa mafuta ya alizeti na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito. Shemeji, aliyekuwa amesema anaonja tu, aliomba aongezewe ugali.