Anahesabu Tena

"Shangazi, nikitaka watazamaji waone yaliyotokea mwaka jana, si nizime tu taa halafu niwashe?" Binti ya kaka yangu anaandika mchezo wa kitendo kimoja wa tamasha la drama la shule, na swali lake limenirudisha kwenye ule mchezo wetu wa kodi ya nyumba, nilioandika mimi.

Ni chumba kimoja Kayole, Nairobi, tarehe tano jioni, na keateka, mwangalizi wa nyumba anayedai kodi, anakuja na kufuli mkononi. Taa haizimwi hata mara moja. Ukiizima, watu wanakohoa, wananong'ona, na waigizaji wanaanza upya kuwatafuta. Mchezo wa nusu saa hauna nafasi hiyo. Ya mwaka jana yaliletwa na risiti ambayo mtoto aliitoa chini ya godoro, ambayo mama yake hakutaka ionekane. Jirani niliyekuwa nimemweka alete habari za fundi aliyekosa kulipa, nilimwondoa. Ujumbe mmoja wa simu ulitosha, na wahusika wakabaki wanne.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya kusoma kwa sauti, Makadara, kabla mtu hajasimama jukwaani. Tulizunguka meza, mimi nikishika saa kwa sababu ukurasa mmoja wa majibizano huchukua takriban dakika moja, mwelekezi akiwa na penseli. Mwishoni mama alikuwa na maneno ya nusu ukurasa: jua la sokoni, watoto, heshima. Mwigizaji hakuyasoma. Alichana karatasi vipande, akavipanga mkononi kama noti, akaanza kuhesabu. Mbili za elfu, tatu za mia tano, nane za mia. Kodi ni 4,500, zikafika 4,300. Akazikusanya, akazigonga mezani kingo zilingane, akalowesha kidole, akaanza tena polepole. 4,300. Aliyeigiza mwanawe alifungua mdomo aseme maneno yake, akaufunga. Mara ya tatu alianza na zile za mia, kana kwamba kubadili mpangilio kungezaa mia mbili. Kisha akainua macho. Keateka akasema alichoandikiwa, "Mama, mimi nimetumwa tu," na chumba kizima kikanyamaza.

"Mwalimu, haya maneno tuyafute," mwelekezi akasema. Nikayafuta yote. Badala yake niliandika: *Anahesabu. Anahesabu tena.*

Kimya kile kilidai kazi nyingine kurasa za nyuma. Kiasi cha kodi ilibidi kitajwe mapema, mara mbili, na watu wawili tofauti, la sivyo hadhira isingejua pesa zimepungua. Mwigizaji alihesabu kwa sauti mara ya kwanza tu. Meza tuliisogeza mbele, mbali na mlango, ili keateka akisimama kizingitini asiikinge mikono ya mama. Na risiti ya chini ya godoro nikaifanya ya rangi ya waridi, isije ikadhaniwa ni noti.

Mazoezi, maleba, onyesho lenyewe, yote yalikwenda salama.

Waelekezi waliouchukua mchezo baadaye huniuliza mama ahesabu mara ngapi. Nimewaona waliohesabu mara mbili, na hadhira ilikuwa bado haijaingiwa na hofu; waliofika mara nne, watu walishaanza kugeuka kwenye viti. Lakini kuandika "mara tatu" nimekataa, maana yule wa Makadara hakuambiwa na mtu. Sijui kama kimya kile ni changu au ni chake, na jina lililo juu ya mswada ni langu peke yangu.