Ocean's Eleven kwa macho ya mgawa karata wa Las Vegas

Nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba nafanya kazi kasino huku Las Vegas, hazipiti dakika mbili hajaitaja Ocean's Eleven, ile sinema ya wizi wa kasino. Vijana wa Tanga huuliza kama ile strongrumu ya chini ya ardhi ipo kweli. Wakubwa huuliza kama mji umejaa wezi. Shemeji yangu yeye habari za kazi yangu wala hazimshughulishi. Anachotaka ni tubishane kama toleo la mwaka 2001 limeshinda lile la kwanza la mwaka 1960. Ubishi huohuo nimeukuta huku, kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, kati ya watu waliozeekea kwenye meza hizi. Nimeusikiliza miaka na miaka. Leo natoa langu: toleo jipya ni bora, na si kwa sababu ya mastaa wake.

Mastaa wapo, na wamejaa. Mwongozaji Steven Soderbergh aliwakusanya George Clooney, Brad Pitt, Matt Damon, Julia Roberts, Don Cheadle, Andy Garcia na Bernie Mac, akaongeza wazee wawili, Elliott Gould na Carl Reiner. Hadithi ni ya watu kumi na mmoja wanaoiba strongrumu ya kasino tatu za hapa: Bellagio, Mirage na MGM Grand. Picha iligharimu kama dola milioni 85 na ikaingiza takriban milioni 450 duniani kote. Ilitoka Desemba 2001, miezi mitatu tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Wakati huo ndege zilikuwa zikija na viti vitupu na maelfu ya wafanyakazi wa hoteli za hapa walikuwa wamesimamishwa kazi. Dada mmoja Mfilipino ninayefanya naye shifti alikuwa mmoja wao. Anasema alikwenda kuiangalia sinema hiyo akiwa hana kazi, akaona Bellagio imefurika watu, taa zinawaka, watu wanacheka, akalia mle ndani ya ukumbi. Kwake yeye hiyo si picha ya wizi kabisa. Ni picha ya mji wake ukiwa mzima.

Wanaoipinga wana hoja yao, na nimeisikia sana: kwamba ni pambo tupu. Suti nzuri, maneno matamu, Brad Pitt anakula karibu kila anapotokea, na hakuna hata mmoja anayetoka jasho. Stelingi hayuko hatarini hata kidogo, kwa hiyo mtazamaji naye hashiki roho. Wengine wanamlaumu Don Cheadle kwa ile lafudhi ya Kiingereza cha London aliyoilazimisha, na hapo sina utetezi, inakera tangu sentensi ya kwanza. Wapo pia wanaohoji zile karatasi za matangazo zilizojazwa kwenye mifuko badala ya fedha: ziliingiaje kwenye strongrumu, wakati tumewaona walioingia na walichobeba? Shemeji anaitumia hoja hiyo kila mara. Hata mimi nimerudisha mkanda nyuma kutafuta jibu, sijaliona. Na Julia Roberts, mwanamke pekee mwenye uzito katika hadithi nzima, kapewa kazi ya kushuka ngazi na kuchagua kati ya wanaume wawili. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, na lafudhi ya Cheadle haifiki hata nusu yake.

Watetezi wa toleo la 1960 wao wanamtaja Frank Sinatra, basi wamemaliza. Sinatra, Dean Martin, Sammy Davis Jr., Peter Lawford na Joey Bishop waliirekodi mwanzoni mwa mwaka ule, huku usiku wakipanda jukwaani pamoja kwenye hoteli ya Sands. Hadithi yao ni ya askari kumi na mmoja wa zamani wa Vita Kuu ya Pili wanaopanga kuiba kwenye kasino tano kwa mpigo usiku wa kuamkia mwaka mpya: Sahara, Riviera, Desert Inn, Sands na Flamingo. Mwisho wake ndio unaokumbukwa. Fedha wanazificha ndani ya jeneza la mwenzao, mjane anaamua mumewe achomwe moto palepale Las Vegas, na mali yote inateketea wao wakiwa wamekaa kanisani. Ni mwisho mzuri sana, nakiri. Lakini ili uufikie unavumilia muda mrefu wa wanaume kukaa, kunywa na kutaniana, na mchongo wenyewe unaanza wakati umeshachoka.

Toleo la Soderbergh limenishinda kwa kitu kingine, na kitu hicho ni kazi. Lile kundi haliingii kwa bunduki. Linaingia kwa sare. Mmoja ni fundi wa mitambo, wawili wanasukuma toroli, wanabeba maputo, wanavaa nguo za walinzi. Na Frank Catton, aliyeigizwa na marehemu Bernie Mac, ni mgawa karata kama mimi. Ana rekodi ya jela, kwa hiyo kule Atlantic City, mji mwingine wa kasino, anatumia jina la mtu mwingine, na kutoka huko anaomba uhamisho kuja Las Vegas. Mtu wa nje anapita juu ya jambo hilo haraka. Sisi tunalisimamia, maana hapa Nevada hugusi karata za mteja kabla hujasajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia kamari, na kabla alama za vidole vyako hazijachukuliwa. Jina lako ndiyo kazi yako. Kuingia mezani kwa jina la kuazima ni hatari kubwa kuliko kushuka kwenye shimo la lifti kwa kamba.

Nieleze kidogo meza yenyewe ilivyo, maana hapo ndipo nyumbani wanapokosea. Mteja akinipa noti ya dola mia, naitandaza wazi mezani ili kamera ya darini iione, natamka kwa sauti msimamizi asikie, nampa chipu zake, yaani zile sarafu za kuchezea kamari, halafu naisukumia noti kwenye tundu kwa kibao cha plastiki. Inadondokea kwenye kisanduku kilichofungwa chini ya meza, na mimi siioni tena. Aproni yangu imeziba mifuko. Zamu yangu ikiisha sinyanyuki tu nikaenda zangu: nagongesha viganja, navigeuza juu na chini, nionekane sina kitu. Hata nikiwashwa shingoni nageuza mikono kwanza ndipo nijikune. Mkono umeshazoea. Mke wangu ananiona nikifanya hivyo nyumbani, nikitoka tu kwenye meza ya chakula.

Ndiyo maana kuna sehemu moja ya picha hii ninayoipenda kuliko zile chemchemi za Bellagio za mwisho wa filamu, zilizowafanya wengi wadondoshe machozi. Matt Damon anajifanya mkaguzi wa serikali. Anamkalisha Bernie Mac mbele ya bosi mwenye kasino, Terry Benedict, na kumshutumu kwamba ana rekodi ya jela na anatumia jina bandia. Bernie Mac anawaka. Anadai anaonewa kwa rangi yake, wanataka kuvaana, na katika purukushani hiyo Damon anachomoa namba za siri za strongrumu kwenye koti la Benedict. Watazamaji wengi wanacheka na kuendelea. Mimi nauona utaalamu wa hali ya juu. Mchongo mzima umeegemea jambo moja: bosi anajua kwamba mtu mweusi kuonewa ndani ya kasino ni shutuma inayoaminika, kwa hiyo haya inampumbaza kwa sekunde chache zinazohitajika.

Inaaminika kwa sababu ilitokea. Kazini kuna mzee mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Westside, mtaa ambao zamani weusi wa mji huu walilazimika kuishi. Kwa heshima tunamwita Mzee, na neno hilo kajifunza kutoka kwetu Waafrika Mashariki na analipenda. Anasimulia kwamba wasanii weusi waliimba kwenye majukwaa ya Strip, ile barabara kuu ya kasino, usiku, wakashangiliwa na wazungu, kisha wakavuka reli kwenda kulala Westside, kwa kuwa hoteli walizozijaza watu hazikuwapa chumba wala meza ya kulia. Makubaliano ya kuondoa ubaguzi huo yalifikiwa Machi 26, 1960 kwenye hoteli ya Moulin Rouge, baada ya viongozi wa weusi kutishia kuandamana kwenye Strip yenyewe. Hesabu miezi: Sinatra na wenzake walikuwa wameshapiga picha zao, na filamu ikazinduliwa hapahapa mjini mwezi Agosti. Na Sammy Davis Jr., mwimbaji aliyewapita karibu wote kwa kipaji, kwenye filamu ile ni dereva wa gari la taka. Fedha za kasino tano zinatoka mjini ndani ya gari lake kwa sababu hakuna anayelichungulia. Mzee hapendi filamu ya 1960, lakini hakubali mtu amguse Sammy.

Sisi Waafrika tuna kumbukumbu nyingine ya toleo la 2001, nayo naona haisimuliwi vya kutosha. Usiku wa wizi kuna pambano la ngumi MGM Grand kati ya Lennox Lewis na Wladimir Klitschko, na wanaoonekana ulingoni ni wenyewe hasa, si waigizaji. Aprili 2001 Lewis alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu na alikuwa na pambano la kweli Afrika Kusini dhidi ya Hasim Rahman. Akachelewa kusafiri, na kazi ya filamu hii ikiwa moja ya sababu. Akatua nyanda za juu karibu na Johannesburg mwili haujaizoea hewa nyepesi ya kule, na raundi ya tano Rahman akamlaza. Ukumbi wenyewe ulikuwa ndani ya kasino, Carnival City, Brakpan. Mikanda aliirudisha Novemba hapahapa Las Vegas, kwa hiyo picha ilipotoka sinema Desemba tayari alikuwa bingwa tena. Kwenye vibanda umiza vya kwetu nimesikia watu wakiuliza nani alishinda lile pambano la kwenye filamu. Hakuna. Taa zilizimika, na Lewis hakuwahi kupigana na Wladimir. Aliyepigana naye mwaka 2003 ni Vitali, kaka yake.

Sasa lile swali la vijana wa Tanga: inawezekana? Desemba 2010 mtu mmoja aliingia Bellagio hiyohiyo na bastola, kofia ya pikipiki kichwani, akapora chipu za dola milioni 1.5 na kukimbia. Hakuwa na kundi la watu kumi na mmoja, wala muziki wa Debussy kama kwenye filamu. Kasino ikatangaza kuziondoa kwenye matumizi chipu zake za dola 25,000, na jamaa akakamatwa akijaribu kuziuza. Chipu bila kasino ya kuzilipa hazina maana. Na Septemba 2023 kampuni inayoendesha Bellagio na MGM Grand ilivamiwa kwa njia ya mtandao. Mashine za kamari zilizimika, funguo za vyumba zikagoma, wateja wakapanga foleni ndefu, na kampuni ikakadiria hasara ya takriban dola milioni 100. Iliripotiwa kuwa wavamizi walianza kwa kupiga simu kwenye dawati la msaada wa kompyuta na kujifanya mfanyakazi. Nilipoisoma habari ile nilimpigia shemeji usiku huohuo, saa za kwao alfajiri. Nikamwambia Bernie Mac alituonyesha tangu 2001: mlango wa kasino ni mfanyakazi.

Kuna sentensi moja kuhusu Benedict ambayo haijawahi kunitoka. Damon anaeleza kwamba bosi huyo, mwenye utajiri wa robo tatu ya bilioni, kila akifika kazini anayakumbuka majina ya vijana wote wanaopokea magari mlangoni. Kwenye hadithi yeye ndiye adui, na tunatakiwa tufurahi akiibiwa. Lakini kwenye chumba chetu cha chakula sentensi hiyo ilizua mjadala mkali kuliko wizi wenyewe. Mama mmoja Mhabeshi, anayesafisha vyumba, alisema yeye angemfanyia kazi Benedict bila manung'uniko, kwa kuwa huko alikopitia hakuna bosi aliyewahi kumwita kwa jina lake. Dada Mfilipino akasema jina halilipi kodi ya nyumba. Mimi nilikuwa upande wa mama, na bado niko.

Zile kasino zinapungua. Sands ilibomolewa mwaka 1996, Desert Inn ilifungwa mwaka 2000, Riviera ikafuata 2015. Kati ya tatu zilizoibiwa kwenye toleo jipya, Mirage ilifunga milango Julai 2024. Ikitokea siku wakaitengeneza upya hadithi hii, na wataitengeneza tu maana inaingiza fedha, nina ombi moja kwa atakayeiandika. Mtu wa kumi na mbili awe mwanamke wa usafi, anayesukuma kigari cha mashuka ghorofa ya ishirini. Ana ufunguo wa vyumba vyote vya ghorofa yake. Anajua nani kalala na nani kahama. Chama cha wafanyakazi wa hoteli hapa Nevada kina wanachama karibu 60,000, na wengi wanafanana naye. Mpeni maneno ya kusema, na mpeni mgao wake sawa na wa Clooney.