Kioo Nilichokipitisha

Mwaka 1993 nilikuwa na miezi minane tu katika kikundi kilichokuwa kikisanifu kichwa cha kusomea diski za sumaku zinazosomwa kwa nuru. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye vichwa vya CD, na mazoea niliyotoka nayo huko ndiyo yaliyoniponza. Katika CD, data ni vishimo vilivyochapwa kwenye plastiki, na kinachopimwa ni kiasi cha nuru inayorudi: nyingi au kidogo. Mhandisi hutumia bamba la robo wimbi, kipande chembamba cha fuwele kinachobadilisha mtetemo wa nuru, ili karibu nuru yote inayorudi ielekezwe kwenye vihisi, na baada ya hapo hahitaji kuwaza sana kuhusu upande ambao nuru hiyo inatetemeka.

Diski ya sumaku haina kishimo cha data. Ina utando mwembamba wa aloi ya terbi, chuma na kobalti, na kila alama ni doa dogo ambalo usumaku wake umeelekezwa juu au chini. Leza huandika kwa kulipasha doa joto mpaka usumaku wake wa awali ulegee, kisha sumaku ya nje huupa mwelekeo mpya. Wakati wa kusoma, leza hiyohiyo hupunguzwa nguvu, na mwale unaorudi kutoka kwenye utando huwa umezungushwa bapa lake la mtetemo kidogo sana, kwa athari ambayo John Kerr aliieleza mwaka 1877. Mzunguko huo katika diski zetu ulikuwa chini ya nusu digrii, kuume kwa alama ya juu na kushoto kwa alama ya chini. Kiasi cha nuru hakibadiliki hata kidogo, na data yote imo ndani ya pembe hiyo.

Njia niliyojifunza ya kuufikiria mwale huo, ambayo hadi leo naiona kuwa bora kuliko nyingine, ni kuuona kama mitetemo miwili inayosafiri pamoja. Upo mtetemo mkuu, uleule uliotoka kwenye leza, na upo mwenza wake mdogo anayetetemeka kwa pembe mraba, aliyezaliwa kwenye utando wa sumaku. Ukubwa wa mwenza huyo haufiki asilimia moja ya ule wa mkuu. Ukijaribu kumpima peke yake, nguvu yake ni sehemu moja kati ya makumi ya maelfu, nawe utaona giza na kelele tu. Kwa hiyo mwenza hutazamwa kwa kuchanganywa na mkuu. Bamba la nusu wimbi huzungusha kila kitu kwa digrii 45, prizimu hugawa nuru katika vihisi viwili, na kwenye kihisi kimoja mwenza hujumlishwa na mkuu, kwenye kingine hutolewa. Tofauti ya vihisi hivyo viwili ndiyo ishara. Mtikisiko wowote wa nguvu ya leza, au vumbi linalopita juu ya diski, huvigusa vihisi vyote kwa pamoja na kwa hiyo hujifuta. Ni mpango mzuri mno, na nakumbuka jinsi nilivyoukodolea macho mchoro wake mara ya kwanza.

Sharti lake ni moja. Mkuu na mwenza lazima wafike kwenye vihisi wakiwa wanapanda na kushuka kwa pamoja, yaani bila tofauti ya fezi kati yao. Wakipishana, ishara hupungua kwa kosini ya pembe ya kupishana kwao, na wakipishana kwa robo wimbi ishara hutoweka kabisa, ingawa nuru yote imefika salama.

Kichwa chetu kilikuwa cha aina iliyogawanywa. Leza ya nanomita 780, kigawa mwale na vihisi vilikaa mahali pamoja bila kusogea, na kigari chepesi kilibeba lenzi ya mbele na kioo cha digrii 45 kilichoupindisha mwale kwenda juu kwenye diski. Uzito ukipungua, kigari hufika haraka kwenye mstari kinaotakiwa kuusoma. Mimi nilikabidhiwa kigari, na kioo kile kidogo kilikuwa jukumu langu tangu siku kilipoletwa.

Hesabu za usanifu zilituahidi uwiano wa ishara na kelele wa desibeli 47. Tulihitaji 45 ili data isomeke kwa uhakika. Siku tuliyokiwasha kichwa cha kwanza, kichanganuzi cha spektra, kifaa kinachoonyesha ishara imeizidi kelele kwa kiasi gani, kilionyesha 40, na kwa wiki tatu kikabaki hapohapo. Diski ndiyo iliyoshukiwa kwanza, kwa sababu plastiki ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2 hupitisha mitetemo miwili kwa kasi zinazotofautiana kidogo. Tukaweka diski ya kioo, na hali haikubadilika. Tukaishuku kelele ya leza, tukaiondolea hatia. Tukaing'oa lenzi kwa hofu kwamba gundi imeibana, tukaitazama kati ya vichujio viwili vya mtetemo, kila kimoja kikipitisha nuru inayotetemeka upande mmoja tu, vikiwa vimepishana, ikawa nyeusi kama inavyotakiwa. Fokasi, ambayo katika lenzi ya namna ile haipaswi kukosea zaidi ya takriban mikroni moja, ilikuwa imetulia.

Kioo nacho kilipimwa, nami ndiye niliyekipima. Nilipitisha mwale wa leza kwenye kichujio cha mtetemo, nikaupiga kiooni kwa digrii 45, nikaweka kichujio cha pili mbele ya kihisi na kukizungusha. Giza lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Urudishaji wa nuru nao ulizidi asilimia 98. Nikaandika katika daftari la kikundi kwamba kioo ni kizuri, nikatia sahihi, na kuanzia hapo hakuna aliyekitazama tena, kwa sababu wenzangu waliniamini.

Kosa lilijitokeza nilipokuwa naandika taarifa ya wiki ya tatu. Nilifika kwenye sentensi isemayo kwamba kioo hakibadilishi mtetemo wa nuru, na kwa kuwa mkuu wa kikundi chetu alitaka kila kipimo kielezwe pamoja na masharti yake, ilinibidi niongeze ni mtetemo upi. Nikaandika: mtetemo ulio sambamba na bapa la mwale unaoingia na mwale unaotoka. Kalamu ikasimama hapo. Mwale niliokuwa nimeupima ulikuwa na mkuu peke yake, hauna mwenza, kwa hiyo haukuwa na kitu cha kupishana nacho. Kioo kingeweza kuuchelewesha kwa fezi yoyote ile, na kichujio changu cha pili kisingeona chochote ila giza safi.

Nilirudi kwenye meza ya majaribio saa hiyohiyo. Nilikizungusha kichujio cha kwanza digrii 45, ili nusu ya nuru iwe upande wa mkuu na nusu upande wa mwenza, kisha nikaanza kuzungusha cha pili. Giza halikupatikana. Pembe yenye nuru ndogo kuliko zote bado ilikuwa na theluthi moja ya nuru ya pembe iliyong'aa zaidi. Hesabu yake ni fupi: kwa mitetemo miwili iliyo sawa, theluthi moja inamaanisha kupishana kwa digrii 60, na kosini ya digrii 60 ni nusu. Ishara iliyokatwa nusu imepoteza desibeli 6. Tulikuwa tumepungukiwa 7.

Utando wa kioo kile ulikuwa wa tabaka nyingi, zilizopangwa ili nuru nyingi irudi, na sisi hatukuwa tumemwambia mtengenezaji neno lolote kuhusu fezi. Alitupa tulichoagiza. Hilo lilinichoma zaidi ya kipimo chenyewe, maana waraka wa kuagiza nao niliuandika mimi, nikifuata ule wa vichwa vya CD.

Asubuhi nilimfuata mkuu wa kikundi kabla hajaketi.

"Mzee, kioo nilichokipitisha ndicho kinachotuharibia. Nilikipima vibaya."

Alisoma daftari akiwa amesimama, akarudi ukurasa wa nyuma kutazama kipimo cha zamani, akarudi tena mbele.

"Usikitoe kwanza," alisema. "Kama ni fezi, tutaweza kuirudisha. Ukiweza kuirudisha, nitaamini."

Tulichukua kifidia fezi, kifaa cha kabari mbili za fuwele ya kwatsi (quartz) zinazoteleza moja juu ya nyingine kwa skrubu ya mikromita, tukakiweka kwenye njia ya kurudi, baada ya kigawa mwale na kabla ya bamba la nusu wimbi, mihimili yake ikiwa imelinganishwa na mkuu na mwenza. Nilizungusha skrubu polepole huku wenzangu wakitazama skrini. Mwanzoni ishara ilishuka, na mtu mmoja akaguna. Nikageuza upande. Ikapanda 41, 43, 45, ikasimama karibu na 46, na nilipoendelea ikaanza kushuka tena. Nikairudisha kileleni na kuondoa mkono.

Desibeli moja iliyobaki tuliipata baadaye kwenye kigawa mwale. Waraka mpya wa kioo ulidai tofauti ya fezi isizidi digrii 10, tena si kwa nanomita 780 peke yake, kwa sababu leza ikipata joto wimbi lake hurefuka, na utando uliorekebishwa kwa wimbi moja tu ungetuangusha ndani ya kifaa kilichofungwa. Vioo vya pili vilipofika nilivipima kimoja kimoja, kichujio cha kwanza kikiwa digrii 45, na giza nililoliona lilikuwa giza la kweli. Tulifunga kimoja kwenye kigari, tukakitoa kifidia fezi mezani, tukaizungusha diski. Kichanganuzi kilionyesha 46 na nusu. Nikalifungua daftari kwenye kipimo changu cha kwanza, nikakipiga mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, na kando yake nikaandika mwelekeo wa mtetemo nilioutumia, tarehe na sahihi.