Ile ngazi ya Lysander

Nimetoka Old Warden, Uingereza, mchana huu. Lysander nyeusi, ndege ndogo ya Vita vya Pili vya Dunia, ya Shuttleworth, mkusanyiko wa ndege za kale, nimeiona kwa karibu, na bado naiwaza ile ngazi.

Imefungwa ubavuni kushoto. Haiondolewi hata angani.

Skwadroni ya 161 ya jeshi la anga la Uingereza iliundwa Februari 1942. Lysander zake zilishusha wapelelezi Ufaransa, zikapakia wengine. Rubani peke yake na ramani, usiku wa mbalamwezi.

Tumboni, tangi la ziada la mafuta: galoni 150.

Shambani pa kutua, tochi tatu juu ya vijiti. Mbili zimeachana mita 150, ya tatu mita 50 kuliani kwa ile ya mbali. Unatua kwenye ya kwanza, unageuka kati ya zile mbili za mbali, unarudi. Ishara ya Morse (herufi kwa mimweko ya mwanga) kutoka chini ikikosewa, hutui.

Ukungu uliua marubani. Tope lilinasa magurudumu. Ndege isiponasuka, inachomwa moto.

Sasa ngazi: abiria wa mwisho habanduki kwanza. Anateremsha mizigo yake, anapokea ya wanaoondoka, ndipo anashuka. Dakika chache tu, injini ikiunguruma!

Nimeviangalia vile vidato muda mrefu.

Nani mwingine ameiona? Niambieni.