Shati la Mtu Mwingine

Shule zinafunguliwa, kwa hiyo jana usiku nilikuwa nimekaa sakafuni na peni ya wino mzito, naandika jina la mwanangu kwenye kola, soksi, taulo, shuka, hata ndoo. Wenye watoto wa bodingi wananielewa. Nilipomaliza rundo lake nikavuta rundo la mjomba wake, nikaendelea kuandika. Mtoto akaniangalia.

"Mama, kwani mjomba naye anakwenda bodingi?"

Nikamwambia akalale.

Mjomba wake ni kaka yangu, mtu mzima aliyezaliwa na ulemavu wa akili, yule mpenda redio. Kuna wakati Hajat, mama yetu, alikuwa amevunjika nyonga, mimi niko Kampala kikazi, Kaka Mkubwa yuko Juba na malori yake, na nyumba yetu ya Walukuba, Jinja, haikuwa na wa kumtazama mtu mzima asiyeweza kuachwa peke yake na jiko la mkaa. Tulitafuta. Makao mengi tuliyoelekezwa yalikuwa ya watoto. Ukisema ndugu yako amevuka miaka thelathini, wanakupa pole na namba ya mtu mwingine. Wapo waliotushauri tumpeleke Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, kana kwamba alivyozaliwa ni ugonjwa wa kulazwa, kutibiwa na kuruhusiwa. Kwa hiyo tulipopata mahali panapopokea watu wazima, sakafu ya vigae, umeme wa sola, choo cha ndani, tulimshukuru Mungu, tukalipa, tukamwacha.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya wageni. Nilishuka Namawojjolo kumnunulia gonja ya kuchoma, nikafika mkono mmoja umeshika gonja, mwingine mfuko wenye shati jipya. Tukakalishwa ukumbini kwenye viti vya plastiki, kama wagonjwa wanaosubiri, wote tukitazama mlango mmoja.

Akaletwa ameshikwa mkono. Alikuwa na shati la kahawia la mikono mirefu, mabega yameanguka mpaka karibu na kiwiko, na suruali iliyofungwa kwa utepe wa kitambaa. Nguo zake nilizipanga sandukuni mwenyewe, ikiwemo ile jezi ya njano ya timu ya mpira ya KCCA ambayo halali bila kuiweka chini ya kichwa. Nikamgeuza kola. Kulikuwa na jina la mtu nisiyemjua, wino umefifia kwa kufuliwa.

Nikamwambia, "Haya, tuvue hili tuvae letu."

Akanyanyua mikono juu. Yote miwili. Akatulia hivyo, macho yako dirishani, anangoja.

Sasa, habari ya vifungo vyake. Hajat alimfundisha kwa miaka, kila asubuhi barazani, kwa shati kuukuu la marehemu Baba. Alikuwa anaanzia chini kwenda juu, ulimi nje, na ole wako umsaidie: angevifungua vyote aanze upya. Tumechelewa mazishi kwa sababu ya vifungo vile. Tumechelewa swala ya Idi, tukasali nje kwenye jua, yeye akiwa amenyooka kama bwana harusi. Hakuna aliyemharakisha, kwa kuwa kumharakisha kulikuwa kuchelewa zaidi. Na mtu huyo huyo ndiye aliyesimama mbele yangu akisubiri kuvuliwa. Nikamshusha mkono mmoja, nikakiweka kidole chake juu ya kifungo. Akakitazama. Kisha mkono ukapanda tena.

Mlezi wake, wote pale walimwita Anti, aliona uso wangu. "Madamu, usinione mbaya. Asubuhi niko peke yangu na watu 22. Nikingoja kila mmoja afunge vyake, chai watainywa saa nane." Alikuwa amekesha zamu ya usiku na hajapata wa kumpokea. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya ndala. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nikayameza, nikayapeleka ofisini.

Ofisini mkuu wa pale alinieleza kwa upole kwamba nguo hufuliwa pamoja na kugawiwa kwa saizi. "Hapa hatuna changu wala chako, sote ni familia." Nikamwambia kwetu pia ni familia, na mtu akigusa jezi ya kaka yangu kunawaka moto. Ukutani nyuma yake, kwenye fremu nzuri, ilikuwepo ibara ya 35 ya Katiba ya 1995: watu wenye ulemavu wana haki ya heshima na utu, na dola na jamii zihakikishe wanaufikia uwezo wao kamili wa akili na mwili. Nikaionyesha kwa kidole. Akasema ndiyo, hata wafadhili huipenda sana ile fremu.

Kisha akanifungulia daftari la dawa. Kila usiku, alama na saini. Tangu aingie, hakuna mstari hata mmoja wa kuanguka kifafa. Nyumbani kituo cha afya kikisema fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, imekwisha, tunasubiri, tunazunguka madukani, na usiku tunaamka kwa kishindo. Jino lililokuwa likimsumbua walishaling'oa. Alikuwa amenenepa. Nilitoka bila kujua kama nimekuja kushitaki au kushukuru.

Hajat alipoanza kutembea na fimbo tukamrudisha Walukuba. Vifungo vilirudi, si vyote. Cha kolani hakigusi mpaka leo. Kifafa nacho kilirudi.

Sasa Hajat hawezi tena, na Kaka Mkubwa amepata makao mengine upande wa Masaka, madogo. Uganda iliridhia mwaka 2008 ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 19 inasema mtu achague mwenyewe akae wapi na akae na nani. Basi nikamuuliza mwenyewe anataka kukaa wapi. Akafikiri sana, akasema, "Redioni."

Wiki ijayo nakwenda kupaona. Nataka kuuliza asubuhi kuna walezi wangapi, na nani atamngoja. Kaka Mkubwa anasema niulize dawa kwanza, mashati ni mambo ya baadaye. Nikamwambia avae shati la mtu mwaka mzima ndipo aniambie. Akaniuliza ni nani aliyekuwa anamwokota sakafuni usiku, mimi au yeye. Wala si mimi wala si yeye, ni Hajat, lakini salio lake lilikatika kabla sijamjibu.